Kujitolea kwa familia Uganda ukapewa chumba na chakula: uangalie nini kabla hujapanda basi

#1 MhayaWaMutukula

Wakuu, salaam.

Vijana wa Bukoba, Mwanza, Kisumu na hata wa Kampala wananiuliza faraghani jambo moja: ni kweli mtu anaweza kukaa kwa familia Uganda bila kulipia chumba wala chakula, akalipa kwa kazi ya mikono yake? Ni kweli. Nimeishi hivyo kwenye mashamba ya Masaka, juu kule Sipi kwenye mlima Elgon na upande wa Kasese. Siku hizi niko Kyotera na shughuli zangu. Nimeona niyaweke yote hapa ili na wengine waongeze au wapinge.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1971 katibu mahsusi mmoja wa London, Sue Coppard, alitaka kutoka mjini wikiendi, akapanga kwenda na wenzake kusaidia kwenye shamba la kilimo hai huko Sussex. Hapo ndipo ilipozaliwa WWOOF, mtandao wa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai. Baadaye zikaja tovuti kama HelpX na Workaway (hii ya pili ni ya 2002), nazo hazikuishia mashambani: utakuta hosteli, shule, familia inayotaka mtu wa kuzungumza Kifaransa na watoto. Mazoea ya Workaway ni kama saa 5 za kazi kwa siku, siku 5 kwa wiki. Mwenyeji anatoa pa kulala na chakula. Mgeni analipa ada ya mwaka kwa tovuti, mwenyeji halipi kitu.

Sasa nifike ninapotaka. Nikisoma tangazo la mwenyeji, swali langu la kwanza halihusu chumba wala mandhari. Nauliza: kazi hii ingekuwepo hata kama nisingekuja? Kahawa ya Masaka itaiva tu, uje usije. Ndizi zitataka kupaliliwa. Nyumba ya wageni ya Sipi itakuwa na shuka za kufua. Mwenyeji wa namna hiyo anajua anakuhitaji kwa nini, na saa ya kuacha kazi anaijua kwa sababu hata yeye huwa anachoka. Lakini tangazo likisema "njoo ubadilishe maisha ya watoto wetu" au "njoo utusaidie na miradi mbalimbali", simama hapo. Mara nyingi hakuna kazi. Kazi ni wewe mwenyewe: sura yako, simu yako, na marafiki zako walioko ulaya wa kuchangishwa.

Mfano wa kazi ya kweli. Ukipelekwa kwenye kahawa, mwenyeji mwenye akili atakufundisha kuchuma zilizoiva nyekundu tu, siyo kukamua tawi lote likabaki uchi. Kisha unaanika kwenye turubai au kwenye meza ya wavu, siyo chini kwenye vumbi, unageuza mara kwa mara, na mawingu yakikusanyika unakimbia kufunika kabla ya kuulizwa. Ikishakauka na ganda lake hapa wanaiita kiboko, ndiyo inayopelekwa kinuni kukobolewa. Tangu Mengo (makao ya ufalme wa Buganda) waanzishe kampeni yao ya Emmwanyi Terimba, yaani kahawa haidanganyi, mwaka 2017, Buganda imepanda kahawa hadi uani, kwa hiyo wachumaji hawatoshi.

Kwenye migomba ni mkali zaidi. Usiingie na panga lako ulilotoka nalo nyumbani. Mnyauko wa bakteria, wenyewe wanauita kiwotoka, uligunduliwa Uganda mwaka 2001, ukavuka hadi kwetu Kagera. Unatembea kwa visu na mapanga. Ukikata mgomba mgonjwa ukahamia mwingine bila kupitisha panga kwenye moto au kwenye Jik, umeueneza shamba zima. Ua dume linavunjwa kwa mti wenye panda, siyo kwa kisu. Mwenyeji asiyekwambia haya siku ya kwanza, jiulize shamba ni la kulima au la kupigia picha.

Kuhusu fedha: wenyeji wengi wa Uganda wataomba mchango wa chakula, pengine dola 5 au 10 kwa siku. Mimi siuiti wizi. Sukari, sabuni na mkaa vina bei. Ila tukubaliane kwamba ukilipa na bado unafanya kazi kutwa, hapo hakuna kubadilishana tena. Umepanga chumba na ukaongezewa jembe juu. Ama ulipe, saa za kazi zipungue, ama ufanye kazi, usilipe.

Na la mwisho, linatuhusu sisi weusi. Wenyeji kadhaa wanaposikia "volontia" picha inayokuja kichwani ni mzungu. Ukishuka kwenye boda wewe, Mhaya mwenye begi la mgongoni, utaona uso unavyobadilika. Wengine wanajirekebisha, chakula cha jioni kinawafungua. Wengine ghafla wanakumbuka chumba kina mgeni mwingine. Dawa ni kupiga simu ya video kabla hujalipa nauli.

Karibuni tujadili.

#2 KijanaWaKawempe

Kwa hiyo ni mfanyakazi wa ndani asiye na mshahara, tofauti ni kwamba ana akaunti ya mtandaoni. Nimeelewa.

#3 Binti_Tororo

Kaka wa Kawempe umeamka na nini leo? Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jambo la kwetu hili, wazungu wamelitengenezea tovuti tu.

#4 KijanaWaKawempe

Dada, methali haikusema jembe hilo ni saa ngapi kwa siku, na haikusema mgeni atoke Bukoba kwa makusudi kuja kulishika. Mimi naongea kitu kimoja: pale kijijini kwetu Luweero kuna vijana wanalima kwa malipo ya siku, tunawaita bapakasi. Mwenye shamba akipata mgeni wa bure, yule mpakasi anakula wapi? Mmelifikiria hilo?

#5 MhayaWaMutukula

KijanaWaKawempe swali lako ni zito kuliko ulivyoliuliza mwanzo. Jibu langu ni fupi: mashamba niliyokaa yalikuwa na bapakasi pia, na kulima kwa jembe walifanya wao. Mgeni hana uwezo wa kufukuzana nao, atachelewesha mstari. Lakini sikatai kwamba yapo mashamba yanayofanya ulichosema. Wenye kupokea wageni waseme wenyewe, najua wamo humu.

#6 MamaKahawa_Masaka

Wanangu, mimi napokea wageni. Kiswahili changu nilikiokota Mombasa nilikofanya kazi zamani, mnivumilie mahali nitakapojikwaa.

Nina kahawa, migomba, kuku, na ng'ombe wa maziwa wawili. Bapakasi wananilimia na nawalipa siku hiyo hiyo, sijawahi kumpa mgeni kazi yao. Mgeni kwangu anachuma, anaanika, anafukuza kuku kwenye turubai (kuku ndio mitihani), na jioni kama ana kichwa cha hesabu ananiandikia daftari: gunia ngapi zimetoka, nani amelipwa, nani anadai. Msichana mmoja wa Nairobi alinipangia hesabu za kahawa tangu mwanzo wa msimu, nikagundua pale kinuni walikuwa wananipunja uzito. Hilo jembe lisingenipa.

Sasa mimi nieleze upande wetu, maana mnaongea kama mwenye nyumba hana machungu. Mgeni anakuja, siku ya kwanza anauliza neno la siri la intaneti kabla hajasalimia. Mwingine haamki hadi saa 4, na kahawa tunachuma asubuhi jua halijawa kali. Mwingine anaoga dumu zima la lita 20 mwezi wa Julai, wakati tangi la mvua limebaki tope na maji nanunua kwa kijana wa baiskeli. Matooke (ndizi za kupika) hataki, posho (ugali) hataki, maharage yanamvimbisha tumbo. Anakula rolex tu, ile chapati iliyokunjiwa mayai, na chapati na mayai natoa mimi. Nikikwambia nimefaidika nitakuwa nadanganya.

Kwangu utaratibu uko hivi. Siku za mwanzo hakuna kazi. Atembee, ajue njia ya choo, mbwa wamzoee, alale vizuri. Halafu tunakaa na karatasi, saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana, basi. Alasiri ni yake. Jumapili ni yake, akitaka kanisa twende, asipotaka abaki na redio. Na kabla ya yote nampeleka kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kitambulisho chake, aandikwe. Mwenyekiti asipomjua mgeni wangu, siku likitokea jambo kijijini wa kwanza kuulizwa ni yeye, na wa pili ni mimi.

Mchango wa fedha simtozi mtu anayefanya kazi. Asiyetaka kazi, anataka kupumzika tu na kula, huyo analipa, na namwambia waziwazi.

#7 Binti_Tororo

Mama webale nnyo. Hilo la kuoga dumu zima limenichekesha hadi watu wa ofisini wamegeuka.

#8 KijanaWaKawempe

Mama, nakuheshimu. Kwako naweza kuja hata mimi. Bado nasema wewe ni mmoja.

#9 MusaRwenzori

Niongezee upande wa Kasese, kwa vile mleta mada amepataja. Mimi nalima vanila. LC1 aliyemtaja Mama siyo hiari huku, ni usalama wako. Vanila inaibwa ikiwa bado mbichi mtini, na kwa sababu hiyo serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna; atakayeonekana na vanila kabla ya hapo anakuwa mtuhumiwa. Wakulima wanalala shambani na tochi. Sasa fikiria wewe mgeni umetoka kutembea usiku kupiga picha za nyota kwenye shamba la jirani. Hawatakuuliza tovuti gani imekuleta.

Kazi ya vanila nayo usidhani ni ya kila mgeni. Ua linafunguka asubuhi moja tu, mchana limeshafunga. Lazima ulichavushe kwa mkono na kijiti, unainua kile kiutando kidogo, unabana, unaenda linalofuata. Ukilibana vibaya huna vanila. Nafundisha wageni, lakini wiki ya kwanza nawaweka kwenye mashada ambayo sina tamaa nayo. Wengine wana mkono mwepesi kuliko wangu, nakiri. Hasa wasichana wanaosuka nywele.

#10 Nesi_wa_Bombo

Naona mnaongelea kahawa tu. Niulize: mgeni akijikata na panga nani analipa? Tovuti hizo zinakukutanisha na mwenyeji, hazikulipii matibabu. Mwenyeji wa kijijini hana bima ya kukufunika wewe. Kwa hiyo:

Chanjo ya pepopunda iwe imefanyika kabla ya kushika panga. Kadi ya homa ya manjano utaulizwa mpakani hata hivyo. Chandarua: muulize mwenyeji kama kipo, akisema "huku hakuna mbu" njoo na chako, hasa ukiwa karibu na Ziwa Nalubaale (Victoria kwenu). Na ziwa lenyewe, tafadhali, kuogelea kwenye matete penye maji yaliyotuama ni kujitafutia kichocho. Waliokwenda visiwa vya Ssese wanapaona pazuri, wanajitosa, wanakuja kwetu baada ya miezi wana homa wasiyoielewa.

Muulize mwenyeji kituo cha afya kilicho karibu ni daraja gani. Daraja la II wana muuguzi na dawa chache. La III lina maabara ndogo na uzazi. Upasuaji unaanzia la IV. Ukijua hilo unajua ukiumia vibaya boda ikupeleke wapi, usipoteze saa nzima mahali watakapokwambia nenda mbele.

Homa yoyote Uganda, pima malaria siku hiyo hiyo. Usinywe vidonge vya kubahatisha eti ni uchovu wa shamba.

#11 Zawadi_K

Habari zenu. Mimi niko Kampala, nimemaliza diploma ya ualimu, bado sijapata ajira. Kuna kituo cha watoto yatima upande wa Jinja nimekiona mtandaoni, wanatoa chumba na chakula, wanataka mtu wa kukaa na watoto na kuwafundisha. Wanataka pia mchango mdogo wa kila mwezi. Nataka uzoefu wa kuandika kwenye wasifu wangu. Mnashaurije?

#12 MhayaWaMutukula

Dada Zawadi, rudi kwenye swali langu la mwanzo uligeuze kidogo: watoto hao wangekuwa pale kama kusingekuwa na wageni wanaolipa?

Siyo swali la kejeli. Ni jambo linalojulikana kwamba watoto wengi wanaokaa kwenye makao ya aina hiyo wana mzazi au ndugu aliye hai. Umaskini ndio umewafikisha pale, pamoja na ahadi ya shule. Kituo kinachoishi kwa michango ya wageni kinahitaji vitanda vijae. Na mtoto anayezoea mlezi mpya kila baada ya wiki chache, kila mmoja anamkumbatia kisha anaondoka uwanja wa ndege wa Entebbe, anajeruhiwa kwa namna ambayo hamna atakayekuwepo kuiona.

#13 Nesi_wa_Bombo

Na Jinja hasa ina historia. Mmarekani mmoja asiye na elimu ya udaktari aliendesha pale kituo cha watoto wenye utapiamlo. Mwaka 2019 kina mama wawili waliofiwa na watoto wao, pamoja na shirika la kutetea haki, walimfungulia kesi. Mwaka 2020 ikamalizwa kwa makubaliano, bila yeye kukubali kosa. Sisemi kituo cha dada Zawadi kiko hivyo, sikijui. Nasema kujitolea bila ujuzi kwa binadamu siyo sawa na kujitolea bila ujuzi kwa kahawa. Kahawa ukiikosea unapoteza gunia.

#14 Zawadi_K

Mimi nina ujuzi lakini, ni mwalimu.

#15 Nesi_wa_Bombo

Ndiyo, mdogo wangu, na ndiyo maana nakwambia usiulipie. Mwalimu mwenye cheti anayejitolea shuleni anafaa kutafutiwa chumba na chakula na shule yenyewe. Nenda kwenye shule ya msingi ya kijijini yenye walimu pungufu, onana na mwalimu mkuu, zungumza na kamati ya wazazi. Zipo familia zitakazokupa chumba kwa zamu. Kituo kinachokutaka wewe mwalimu ulipe kila mwezi ili ufundishe, hebu lisome hilo tena taratibu.

#16 KijanaWaKawempe

Nesi leo nakubaliana na wewe kila mstari, tarehe iandikwe.

#17 Wa_Busia_Upande_wa_Kenya

Makaratasi je? Mbona hamjagusa makaratasi. Mimi kila siku naona vijana wanarudishwa kwa sababu ya mdomo.

Mkenya na Mnyarwanda tangu 2014 wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania mje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6, bila kulipia viza, ila angalia afisa ameandika nini kwenye muhuri, usihesabu kichwani. Rafiki yetu wa ulaya atakayesoma uzi huu kwa msaada wa mtafsiri, yeye analipa dola 50 ya viza ya utalii, au dola 100 ile ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda.

Muhimu: ruhusa ya mgeni siyo kibali cha kazi. Ukimwambia afisa "naenda kufanya kazi shambani kwa fulani", umejipeleka mwenyewe kwenye foleni nyingine. Na sisemi umdanganye! Ukienda kukaa kwa familia wiki mbili ukawasaidia kuchuma kahawa, wewe ni mgeni wa familia, sema hivyo na uwe na namba yao ya simu. Ukienda kufanya kazi ya shirika au shule kwa miezi, huo ni mlango mwingine: Uganda ina daraja la kibali la wanaojitolea na wamisionari, na anayekualika ndiye anayetakiwa kukufuatilia Uhamiaji kule Kampala. Akikwambia "usijali, hapa hakuna anayeuliza", wewe ndiye utakayeulizwa.

#18 Mzee_Nubi

Vijana, asalaam aleikum. Jambo moja dogo. Kiswahili chenu kizuri msikitegemee sana Buganda. Baraza la mawaziri lilipitisha 2022 kwamba kifundishwe shule zote kwa lazima, sawa, lakini jjajja (bibi) wa miaka 80 kijijini Kiswahili alikisikia kwa askari, na askari wenyewe hawakuja kumsalimia. Umwanzie kwa Kiganda hata kama ni kibovu. "Gyebale ko, nnyabo," kisha unyamaze usubiri. Salamu huko ni ndefu, usizikate. Wasichana watawaona wenzao wakipiga magoti kusalimia wakubwa. Wahaya mtaona mko nyumbani, wengine mtashangaa. Mgeni halazimishwi, ila anayejaribu hupewa kipande cha nyama kilicho kizuri. Ukienda Arua au kwetu Bombo, hapo tiririka na Kiswahili.

#19 Asha_wa_Mwanza

Shikamoo Mzee. Swali langu ni la kike, na ningependa wanawake wajibu. Nikienda peke yangu, usalama ukoje? Mwenyeji mwanaume anayeishi peke yake na tangazo lake linasema anapendelea "wasichana wachangamfu", nimpite?

#20 Binti_Tororo

Mpite kama basi lisilo na taa.

#21 MamaKahawa_Masaka

Marahaba kwa niaba ya Mzee, maana amekimbilia swala. Mwanangu, mpite. Familia yenye mama ndani, au watoto wakubwa, au bibi, hiyo ndiyo. Omba uzungumze na mama mwenye nyumba kwa simu, siyo na mwanaye wa kiume anayejibu ujumbe. Ukifika, angalia mlango wa chumba una komeo kwa ndani. Kama halina, sema siku hiyo hiyo, fundi wa kijijini analiweka kwa hela kidogo. Nauli ya kurudi usiitumie kwa chochote, iweke kwenye simu. Na mwambie mwenyekiti wa LC1 mbele ya watu kwamba utakuwa unampigia mama yako Mwanza kila jioni. Hata kama humpigii kila jioni.

#22 MhayaWaMutukula

Hilo la Mama la kumwambia mwenyekiti hadharani sikulijua, nalichukua.

Kwa wanaoniuliza wamwandikie nini mwenyeji, huu hapa ujumbe ninaowapa vijana. Badilisheni yanayowahusu:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, natoka Bukoba, nina miaka 24, mimi ni Mtanzania mweusi. Nazungumza Kiswahili na Kihaya, Kiganda nasikia kidogo. Nimeona unapokea wageni wa kusaidia shambani. Nimezoea migomba na kahawa, naweza pia kufundisha kompyuta ya mwanzo. Sijawahi kukamua ng'ombe. Ningependa kukaa wiki tatu msimu wa mavuno. Naomba kujua kazi inaanza na kuisha saa ngapi, siku ya mapumziko ni ipi, nitalala chumba changu au na nani, kuna malipo yoyote, na nikiugua kituo cha afya kiko wapi. Naweza kukupigia simu ya video Jumamosi?"

Wengine wananiambia neno "mweusi" linawatia unyonge. Mimi nasema linaokoa nauli. Asiyekutaka atanyamaza ungali kwenu.

Na kwenye maoni ya wageni waliotangulia, tafuta yanayotaja kazi na saa. "Familia yenye upendo, nimejifunza mengi" haikusaidii kitu. "Tulianza mapema, tukamaliza adhuhuri, chakula kilikuwa matooke na binyebwa (mchuzi wa karanga) karibu kila siku" hayo ndiyo maoni. Mwenyeji mwenye maoni mengi kutoka kwa wageni waliokaa siku mbili mbili tu, jiulize kwa nini hamna aliyemaliza wiki.

#23 KijanaWaKawempe

Mleta mada, nina la mwisho kisha niende kazini. Umesema mwenyeji halipi tovuti, mgeni analipa. Mpakasi wa Luweero hana dola za ada wala simu nzuri. Kwa hiyo mpango huu umewekwa kwa mwenye uwezo wa kulipa ili afanye kazi bure. Yule ambaye angenufaika kweli na chumba na chakula kwa kubadilishana, amefungiwa nje. Sikuambii uache, nakwambia uliandike hilo kule juu.

#24 MhayaWaMutukula

Nimeliandika sasa, umelisema wewe vizuri zaidi. Ila niongeze kwamba wengi niliowaunganisha hawakupitia tovuti yoyote. Wamepitia kanisani, msikitini, kwa mtu aliyesoma na mtu. Ukiwa Afrika Mashariki, tovuti ni ya kujua kwamba jambo lipo. Familia yenyewe utaipata kwa kuulizia.

#25 Asha_wa_Mwanza

Basi naulizia hapa hapa. Mama wa Masaka, msimu wako ni lini, na una nafasi?

#26 MamaKahawa_Masaka

Kwetu kubwa ni kuanzia Mei hadi Agosti. Sipi na mlima Elgon wao wana kahawa aina nyingine, arabika, wanaanza karibu Septemba wakivuka mwaka, usije ukachanganya. Nitakuandikia faraghani, unipe na namba ya mama yako, nataka kuongea naye kwanza. Nafasi ni moja, wavulana wawili wa Mbale wameshaniomba chumba cha nje. Matooke kumenya unajua?

#27 Asha_wa_Mwanza

Najua kula, mama. Kumenya nitajifunza.

#28 MamaKahawa_Masaka

Haya. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakufanya uende kanisani na mikono ya fundi wa gari. Na uje na buti za mvua, Mei huku ni matope.

#29 MhayaWaMutukula

Asha, ukivuka mpaka wa Mutukula panda gari la Kyotera, kisha la Masaka, ni kilomita kama 90 zote pamoja. Vuka mapema uingie Masaka mchana. Badilisha hela kwenye duka lenye kibao, siyo kwa wale vijana wanaokukimbilia mlangoni mwa basi.